Kuona Kodi Ndani ya Namba

Tablatura ya gitaa ni mwandiko wa muziki wenye mistari sita, kila mmoja ukiwakilisha uzi, na juu yake huandikwa namba za freti, yaani vile vipande vya chuma vinavyoigawa shingo ya gitaa, ili mpigaji ajue abane wapi. Sifuri humaanisha uzi upigwe wazi. Mwandiko huu una umri mkubwa. Mwaka 1507 Ottaviano Petrucci alichapa mjini Venice vitabu vya Francesco Spinacino vya kinanda cha luti kwa mistari sita na namba, ila uzi mwembamba ulikaa chini. Mwanamuziki wa Hispania Luis Milán, katika kitabu chake cha mwaka 1536, aliuweka juu, kama ulivyo leo.

Sifa ya tablatura ni kuonyesha mahali pa kidole, na upungufu wake ni kutosema kwa nini kidole kiende hapo. Pengo hilo huzibwa na jicho la msomaji mzoefu, linalotambua umbo la kodi, yaani mkao wa vidole unaotoa sauti tatu au zaidi zinazopatana. Akikuta tatu kwenye uzi wa tano, ukihesabu kutoka ule mwembamba, kisha mbili kwenye wa nne, sifuri kwenye wa tatu, moja kwenye wa pili na sifuri kwenye wa kwanza, hasomi namba tano zilizopangwa mfululizo, bali huona C meja, na vidole vyake hushika umbo zima kabla noti ya kwanza haijalia. Asiyeliona umbo hilo husoma kama mtoto wa darasa la kwanza anayetamka ba, be, bi, na muziki wake hukatikakatika, kwa kuwa kila kidole huinuliwa mapema na kuua sauti iliyopaswa kuendelea kuvuma.

Uzuri wa ufundi huu huonekana zaidi pale umbo linapohama. E meja, kuanzia uzi mnene, huandikwa 0-2-2-1-0-0; F meja huandikwa 1-3-3-2-1-1; na G meja yaweza kuandikwa 3-5-5-4-3-3. Kwa kuwa kila freti hupandisha sauti kwa nusu toni, namba zote zimeongezeka kwa kiasi kilekile, huku kidole cha shahada kikilala juu ya nyuzi zote kuchukua nafasi ya zile sifuri. Anayelijua umbo la E, basi, amekwisha kuzijua kodi zote meja, ingawa mkono wake huenda ukalalamika kwa wiki kadhaa.

Kazi ngumu ni kutenga noti za kodi na zile za wimbo zinazopita juu yake. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, nchini Kongo, mpiga gitaa na mwimbaji wa Kiswahili aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952, alipiga besi kwa kidole gumba huku kidole cha shahada kikiendesha wimbo, na muziki wa namna hiyo ukiandikwa huonekana umetawanyika ukurasa mzima. Namba moja ngeni haivunji umbo. Mara nyingi ni kidole kidogo kilichoongezwa tu, na msomaji mwenye pupa ndiye anayedhani kodi imebadilika.

Anayejifunza na achukue penseli, aandike jina la kodi juu ya kila kipimo cha muziki, ndipo aliguse gitaa.