Kidonge cha Seattle na Miezi 21

Nilikusudia kuandika juu ya Lee Wattenberg wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti wa kinga za saratani, nikakwama palepale ninapokwama kila mara: Aprili 1994. Mnakumbuka. Matokeo ya jaribio la ATBC yametoka Finland. Wavutaji wanaume 29,133, na waliomeza beta-karotini miligramu 20 kwa siku wameugua saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi ya wenzao. Kule Seattle jaribio la CARET linawapa watu wa namna hiyohiyo kitu hichohicho, tena miligramu 30, na juu yake vitamini A yuniti 25,000. Wakaendelea.

Waliendelea hadi Januari 1996. Walipofunga, upande wa vidonge ulikuwa na saratani ya mapafu asilimia 28 zaidi na vifo asilimia 17 zaidi.

Utetezi wao naujua, nimeusikia mpaka masikio yamechoka. Eti Finland huenda ilikuwa bahati mbaya ya takwimu. Eti jaribio likikatwa mapema halitoi jibu. Eti tangu watafiti Peto na Doll walipoandika mwaka 1981, tafiti za vyakula zilielekeza kwenye karotini. Haya, tuseme kweli. Lakini mzigo wa shaka ulipaswa kubebwa na kidonge. Wao waliutwika mapafu ya mtu ambaye, ili apokelewe, alihitaji kuwa amevuta kiasi cha pakiti moja kwa siku kwa miaka 20, na ya fundi aliyepumua vumbi la asbesto. Jirani akianguka baada ya kula uyoga, hujipakulii sahani ya pili ukisema pengine alikuwa na homa.

Hapo ndipo Wattenberg anaponirudia. Mzee yule, tangu makala yake ya 1966, hakuhangaika na swali la mmea gani ni mzuri. Aliuliza: dhidi ya kemikali ipi, kwenye kiungo kipi, kabla au baada? Mwaka 1985 akazipanga kinga zake mafungu: vizuizi, vinavyoikamata kansajeni kabla haijafika kwenye DNA, na vikandamizi, vinavyofanya kazi madhara yakishaingia. Dhidi ya kansajeni kama benzopirini alizipima hivyo indoli za kabichi, na isothiosianati hivyo. Sasa niambieni, beta-karotini ya CARET ilikuwa fungu lipi, kwa mtu mwenye miaka 20 ya moshi kifuani?

Swali hilo lilikuwa na mnyama wake. Panya wa maabara hafai sana, maana karibu beta-karotini yote huivunja utumboni ikawa vitamini A. Kicheche huifyonza nzima, kama sisi. Vicheche waliovutishwa moshi na kupewa dozi kubwa ya beta-karotini walipopimwa, seli za mapafu yao zilianza kugeuka vibaya. Kazi nzuri, ila ilikuja CARET imeshafungwa. Wattenberg angeanza na vicheche.

Uendeshaji wenyewe wa CARET sina neno nao: watu 18,314, kura safi, upofu pande zote mbili.

Na wahariri wetu, ambao hadi leo wananiletea kichwa cha habari cha karoti kuzuia saratani! Tafiti zile za vyakula zilihusu watu waliokula mboga, pengine wasiovuta, pengine wenye maisha tofauti kabisa. Kutoka sahani ya mchicha hadi miligramu 30 kwenye kidonge ni safari ndefu, na wauza unga wa mlonge wa makopo wananichukia kwa kurudia kusema hivyo.

Toleo lilelile la jarida, la Mei 1996, lililobeba ripoti ya CARET lilibeba na ya madaktari 22,071 wa Marekani. Nusu yao walimeza beta-karotini kwa takriban miaka 12, bila faida wala dhara. Lakini wavutaji kati ya madaktari hao walikuwa asilimia 11 tu.