Jicho la Chini: Yasujiro Ozu na Vyumba Vitupu

Wapo wasemao kwamba Yasujiro Ozu aliweka kamera yake chini kwa sababu Wajapani huketi juu ya mikeka. Kauli hii yapendeza, hasa kwetu tuliozoea kuzungumza mkekani, walakini haitoshi. Kamera yake i chini hata katika ofisi yenye viti na meza, hata njiani pasipoketi mtu, na mara nyingi i chini kuliko macho ya mtu aliyekaa.

Ozu alizaliwa Tokyo mwaka 1903. Aliingia kampuni ya Shochiku mwaka 1923 kama msaidizi wa mpiga picha, na mwaka 1927 akaongoza filamu yake ya kwanza. Alipofariki, Desemba 12, 1963, siku aliyotimiza miaka 60, alikuwa ameongoza filamu zaidi ya 50. Kadiri miaka ilivyozidi ndivyo zana zake zilivyopungua. Katika vichekesho vyake vya mwaka 1932 kamera yatembea. Katika Tokyo Monogatari (1953) yatembea kwa nadra sana. Katika filamu zake za rangi, kuanzia mwaka 1958, haitembei kabisa.

Alipunguza hata hadithi. Katika Banshun (1949) profesa mjane ataka bintiye aolewe. Binti hataki kumwacha. Baba amdanganya kwamba yeye mwenyewe ataoa tena, ndipo binti akubali. Mtazamaji atazamia arusi. Haioni, wala uso wa bwana arusi hauoni tangu mwanzo hata mwisho. Amwona binti katika mavazi ya arusi, aona chumba alichotoka, kitupu, kisha usiku baba ameketi peke yake akimenya tunda. Kisu chasimama; kichwa chainama.

Nadhani hapa ndipo ilipo kazi ya jicho lile la chini. Mtu akisimama na kutoka, kamera haimfuati wala haiinuki; hubaki na nyumba, nasi twabaki nayo, tukapima kwa macho nafasi aliyoiacha. Ingalikuwa juu, au ingaliandamana na bibi arusi, tungalipata sherehe, tukaukosa upweke.

Wenye haraka humlaumu kwa kurudia. Ni kweli: katika Sanma no aji (1962), filamu yake ya mwisho, baba mjane amwoza tena binti, na mchezaji ni yule yule Chishu Ryu. Lakini safari hii baba ni nahodha wa zamani wa manowari. Ozu, aliyepelekwa vitani China mwaka 1937 na kurejea mwaka 1939, hakuonyesha hata risasi moja katika filamu hii. Arusi imekwisha, mzee amelewa, aimba kwa sauti ndogo wimbo wa jeshi la majini, kisha aenda jikoni na kujimiminia kinywaji kutoka katika birika. Kamera i pale pale chini, imetulia, yamtazama akinywa.