Mwiba kwa Mwiba, Mzunguko kwa Mzunguko

Gamba likifika mezani, limeshapita mikononi mwa watu wengi. Chombo cha chuma kimekwangua sakafu ya bahari mita mia kadhaa chini ya meli, kikapandishwa polepole kwa winchi, matope yakamwagwa sitahani na kuoshwa kwa maji ya chumvi juu ya machekeche, la juu lenye matundu makubwa, la chini kabisa lenye matundu ya milimita moja au pungufu. Mtu aliyeinama na kibano mkononi akaokota kitu kidogo cheupe, kilichochomoza miiba kila upande, akakitia kichupani pamoja na karatasi yenye namba ya kituo, tarehe na kina.

Wengi wetu hudhani hapo ndipo konokono mpya anapogunduliwa. Kwa wanaoifanya kazi yenyewe, bado haijaanza. Mwaka 2012 watafiti Benoît Fontaine, Adrien Perrard na Philippe Bouchet walichapisha hesabu ya muda ambao kiumbe kipya hukaa kabatini tangu aokotwe hadi apewe jina. Wastani ulikuwa miaka 21. Wanaojua kuandika maelezo ya spishi ni wachache, na kazi hiyo haikubali haraka.

Hatua ya kwanza ni kumtoa mnyama bila kuliumiza gamba. Konokono akihisi spiriti hujivuta ndani na kujifungia kwa kifuniko chake, spiriti isimfikie, nyama ikaoza. Zamani dawa ilikuwa kulivunja gamba au kulitoboa, na gamba la miiba likishavunjwa nusu ya ushahidi imekwenda. Siku hizi, kwa njia ambayo kundi la watafiti wa Paris liliichapisha mwaka 2014, konokono huwekwa ndani ya maikrowevu kwa sekunde chache tu. Msuli unaomshika kwenye gamba huachia. Fundi humvuta taratibu kwa kibano, akiufuata mzunguko wa gamba lenyewe, kwa sababu ukimvuta moja kwa moja anakatika. Mwili huingia kwenye spiriti kwa ajili ya DNA, gamba hubaki zima, na vyote viwili hupewa namba moja ili visije vikapotezana.

Baada ya hapo, gamba husafishwa. Matope yaliyokauka kati ya miiba hutolewa kwa sindano na brashi laini, chini ya hadubini, chembe kwa chembe. Mwiba wa konokono wa kilindini unaweza kuwa mwembamba kuliko sindano hiyo, na uliovunjika haurudi. Kila mara nastaajabia hatua hii kuliko zote, ingawa katika makala iliyochapishwa hakuna hata sentensi moja inayoitaja.

Katika familia ya Muricidae, yenye konokono wengi wa miiba, jina linalorudi mara kwa mara ni la Roland Houart, Mbelgiji ambaye kwa zaidi ya miaka 40 ameeleza mamia ya spishi. Ukizisoma makala za aina hii moja baada ya nyingine, unaona utaratibu usiobadilika. Kwanza urefu na upana kwa milimita. Kisha umbo la jumla. Kisha macho yanapanda hadi kwenye ncha, mahali konokono alipoanzia maisha.

Pale nchani pana gamba la utotoni, dogo kuliko kichwa cha pini. Mtaalamu hulisimamisha wima chini ya hadubini, huvuta mstari mahali linapoanzia kujikunja, kisha huhesabu mizunguko: mmoja na nusu, miwili na robo, mitatu. Robo ile ina maana kubwa. Mizunguko michache yenye kiini kinene kwa kawaida humwonyesha konokono aliyetoka yaini akiwa na akiba yake ya chakula, akaishi karibu na alipozaliwa. Mizunguko mingi myembamba ni ya mtoto aliyeelea muda mrefu akila vijimea vya bahari, na huyo anaweza kuwa na ndugu upande wa pili wa bahari. Kwa hiyo mtu aliyekaa Brussels au Paris anaweza kusema jambo kuhusu safari ya kiumbe ambaye hakuna aliyewahi kumwona akiwa hai, na analisema kwa kuhesabu tu.

Halafu miiba. Konokono wa jenasi Murex hujenga theluthi ya mzunguko, husimama, na kwenye ukingo wa mdomo hujenga tuta nene lenye miiba. Kisha huendelea theluthi nyingine. Ndiyo sababu gamba lake likitazamwa kutoka juu lina matuta matatu kila mzunguko. Mwiba huanza kama mkunjo wa ngozi laini inayotandaza chokaa. Huwa mfereji ulio wazi, na mara nyingi kingo zake husogeleana baadaye. Na mwiba wa zamani ukizuia njia ya ujenzi mpya, konokono huuyeyusha. Mwelezaji hana budi kuyajua haya, asije akaandika kwamba miiba ni michache mahali ambapo konokono mwenyewe aliiondoa.

Tatizo lililowasumbua wataalamu muda mrefu ni kuipa miiba hiyo majina. "Mwiba wa juu" wa mmoja ulikuwa "wa pili" wa mwingine. Mfaransa Didier Merle akapanga mfumo, na makala yake ya mwaka 2001 ndiyo inayofuatwa sana: kila mwiba huhusishwa na ukanda unaolizunguka gamba, ukanda wa bega ukiwa P1, unaofuata P2, na kuendelea hadi P6 kuelekea kwenye mfereji wa chini, na vijikanda vilivyo katikati yake vikiandikwa kwa herufi ndogo s. Kwa mtu wa nje ni orodha kavu. Mimi naiona kuwa ni adabu ya hali ya juu. Mwelezaji anaposema kwamba P1 ina mwiba mrefu uliopinda juu, P2 haina kitu, na P5 ina mwiba mfupi ulio wazi mbele, mtu wa Nairobi mwenye gamba jingine mkononi anaweza kufuata mwiba kwa mwiba bila kumuuliza lolote.

Mdomo wa gamba huja baadaye: umbo lake, vijino vya ndani, rangi. Kifuniko. Mfereji wa chini, urefu wake ukilinganishwa na urefu wa gamba zima. Hapa mwandishi mzuri hapambi. Neno "mzuri" halimo kabisa.

Kwenye ulimi mambo hurudi kuwa magumu. Konokono hawa ni wawindaji, na ulimi wao ni utepe wenye safu za meno, matatu kwa kila safu: la kati lenye ncha kadhaa na mawili ya pembeni yaliyopinda kama mundu. Kipande cha mwili huloweshwa katika dawa kali inayoyeyusha nyama na kuuacha utepe. Utepe huo hauzidi unywele sana kwa upana. Hunyanyuliwa kwa sindano, huoshwa, hulazwa meno yakitazama juu, hupakwa utando wa dhahabu na kuingizwa kwenye hadubini ya elektroni. Ukijikunja wakati wa kukauka, meno hufichana, na pengine konokono alikuwa mmoja tu.

Lakini sehemu ambayo kwangu ndiyo kiini cha ufundi huu huandikwa mwishoni, ile ya ulinganisho. Mwelezaji amemwona kiumbe wake kila pembe. Sasa lazima aonyeshe kwamba si yule aliyekwisha kupewa jina. Analazimika kurudi hadi mwaka 1758, mwanzo wa majina ya kisayansi ya wanyama. Kwa konokono wa vilindi vya pwani yetu, ina maana ya kufungua maandishi ya Kijerumani ya Eduard von Martens kuhusu makombe ya meli Valdivia, iliyokwangua maji ya Zanzibar na Dar es Salaam mwaka 1899, kisha ya safari ya meli ya Misri, Mabahiss, ya mwaka 1933 na 1934. Watafiti Winston Ponder na Emily Vokes walipoipitia upya jenasi Murex ya Bahari ya Hindi na Pasifiki ya magharibi mwaka 1988, ndipo walipoitenga Murex africanus na ndugu zake wanaofanana naye. Ukurasa wa kulinganisha unaweza kuwa na sentensi nne. Nyuma ya kila sentensi kuna droo kadhaa zilizofunguliwa.

Na yapo magamba yanayokataa kusema lolote. Konokono wa jenasi Alviniconcha huishi kwenye chemchemi za moto za sakafu ya bahari, wakilelewa na bakteria walio ndani ya mashavu yao, na gamba lao limefunikwa vijiba vya ngozi ngumu. Kwa macho, spishi kadhaa hazitofautiani. Ilibidi Shannon Johnson na wenzake walinganishe jeni kabla ya kuzitenga na kuzipa majina katika makala iliyotoka mwaka 2014. Mojawapo, strummeri, ilipewa jina la mwanamuziki Joe Strummer wa kundi la The Clash, kwa sababu miiba hiyo ilikumbusha mitindo ya wapenzi wa muziki wa panki. Hata hivyo maelezo ya gamba yaliandikwa, kwa utulivu uleule, ijapokuwa hayakutosha kuwatenganisha.

Hatimaye gamba moja huteuliwa kuwa holotaipu, lile ambalo jina limefungwa kwake daima, na mengine yanayolingana nalo huwa parataipu. Parataipu husambazwa katika makumbusho mbalimbali, na sababu inaeleweka kwa yeyote anayejua kwamba makumbusho ya wanyama ya Hamburg yaliteketea kwa mabomu mwaka 1943. Mtu atakayevua kilindi cha Pemba na kupata gamba lenye mwiba wa P2 ambao holotaipu haina, ataomba kuiona hiyo holotaipu, ataipima mwenyewe kwa kalipa, na kuanza upya kwenye ncha, kuhesabu robo za mzunguko.