Fundi wa Hedi na Jinsi ya Kumtambua

Ukitaka kumjua fundi wa injini, mpelekee gari lililochemsha, kisha tazama mkono wake unaanzia wapi. Ukikimbilia bolti za hedi, ingiwa na wasiwasi. Gari huchemsha kwa mengi: mfuniko wa rejeta uliochoka, feni isiyowaka, mpira wa maji uliopasuka, pampu ya maji iliyokwisha. Gasketi ya hedi kuungua mara nyingi ni matokeo ya hayo, na ukiibadilisha bila kutafuta chanzo, itaungua tena.

Fundi mzuri huanza na maswali. Lilichemsha kwenye foleni, au likiwa kasi? Kama ni foleni tu, na likitembea linapoa, ataitazama feni. Kama ni mlimani au barabara kuu, atashuku rejeta iliyoziba. Kisha husubiri injini ipoe, akavuta stiki ya oili kuona kama imechanganyika na maji ikawa na rangi ya maziwa, akawasha gari na kutazama kama rejeta inatoa mapovu yasiyokoma. Wenye vifaa huweka mdomoni mwa rejeta kimiminika cha bluu. Kikigeuka njano, gesi ya mwako imepenya kwenye maji. Hapo ndipo hedi ina haki ya kufunguliwa.

Chukua injini ya 1NZ-FE, ile ya cc 1,497 iliyomo kwenye IST na Probox nyingi za Dar es Salaam na Nairobi. Bloku na hedi zote ni alumini, na alumini ikizidiwa na joto hupinda. Kwa jicho huwezi kuona. Fundi anayejua kazi huweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wa hedi, akapitisha chini yake kipande chembamba cha kupimia: kikipita cha zaidi ya milimita 0.05, hedi inakwenda kwenye mashine kusawazishwa, na huko huko ipimwe nyufa. Uso wa bloku nao upimwe vivyo hivyo. Wengi hulirahisisha jambo hili kwa kusugua na msasa mkononi, na hapo ndipo kazi inapoharibika. Mkono huchimba mabonde, na chembe za msasa huingia kwenye njia za oili hadi kwenye beringi za krankshafti. Gari litatoka gereji likiunguruma vizuri, likafa baadaye kwa ugonjwa mwingine kabisa.

Tazama pia anavyofunga. Mashimo ya bolti yakaushwe, maana maji au oili ikibaki humo bolti hudanganya. Bolti 10 za hedi hiyo hukazwa kwa zamu, kutoka katikati kwenda nje: kwanza kwa spana yenye kipimo, Nm 29, kisha kila moja nyuzi 90, kisha nyuzi 90 tena. Fundi anayetia nukta ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti ili asiruke hata moja, huyo namheshimu sana. Anayepaka silikoni gasketi nzima ya hedi anakwambia kwamba haamini uso aliouandaa.

Termostati nayo ni kipimo. Utaambiwa nchi yetu ni ya joto, kifaa hicho hakina kazi. Si kweli. Injini yetu imeundwa kufanya kazi ikiwa na joto la nyuzi 80 na kitu, na termostati ndiyo inayolilinda. Ikitolewa, kwenye mwendo mrefu injini hubaki baridi, kompyuta huongeza petroli, na oili haipati joto la kukausha unyevu wake. Anayeitoa na kuitupa, hata kama hedi ameifunga vizuri, mimi simrudii.

Maji ya bomba yasitumike kama mazoea. Huleta kutu na magamba ndani ya rejeta. Weka kulanti.

Kabla ya kumlipa fedha iliyobaki, gari liungurume hadi feni iwake na kuzima yenyewe mara mbili, na gasketi ya zamani uone ilipoungua. Kesho asubuhi, kabla ya kuwasha, fungua mfuniko uangalie maji. Yakiwa yamepungua kidogo, huenda ni hewa iliyokuwa imebaki ndani. Jaza, uangalie tena keshokutwa. Yakipungua tena, lirudishe siku hiyo hiyo, na safari ya Morogoro isubiri.