Mashabiki na Mchezo Uliobadilishwa

Wahenga wetu walituachia methali mbili zisizopatana. Moja yasema, "Kipya kinyemi kingawa kidonda," na kwayo twamcheka mtu apendaye kila jambo geni. Ya pili yasema, "Mazoea yana taabu," na kwayo twamwonya mtu asiyeweza kuachana na la jana. Mhakiki wa kazi ya sanaa husimama kati ya methali hizi mbili, na kazi yake ni kuamua, katika kila shauri linaloletwa mbele yake, ipi kati yao yastahili kusemwa. Katika insha hii nataka tupime shauri moja ambalo vijana wengi wanalijua kuliko walimu wao: malalamiko ya mashabiki pindi mchezo wa video waupendao unapotolewa upya kwa sura nyingine.

Yamkini msomaji atauliza kama michezo hiyo yastahili kuhakikiwa. Nami najibu kwamba kila kazi iliyobuniwa kwa akili, ikatengenezwa kwa ufundi na kupendwa na watu wengi, yastahili. Hapana haja ya kuiita fasihi ndipo tuipime kwa haki.

Shauri lenyewe ni hili. Kampuni ya Konami ya Japani ilianza mwaka 1995 kutoa mchezo wa kandanda ambao, tangu mwaka 2001, ulijulikana Ulaya na hapa kwetu kwa jina la Pro Evolution Soccer, au kwa kifupi PES. Katika miji mingi ya Kenya, mikubwa kwa midogo, vijana waliucheza katika vibanda vya kulipia, wawili wawili mbele ya runinga moja, na wengine wakisubiri zamu nyuma yao. Waliusifu kwa sababu mpira ulikwenda kama mpira: pasi ilikuwa na uzito wake, na mshindi alishinda kwa akili kuliko kwa bahati. Tena ulikuwa na sehemu iliyoitwa Master League, ambamo mchezaji alichukua timu dhaifu na kuilea msimu baada ya msimu mpaka ikawa timu ya kuogopwa.

Mwaka 2021 Konami iliacha jina hilo. Mchezo mpya uliitwa eFootball, ukajengwa kwa mitambo mingine, ukatolewa bure kwa njia ya intaneti tarehe 30 Septemba. Ulipofika, ulikuwa na klabu 9 tu za kuchezea nje ya mashindano ya mtandaoni. Master League haikuwamo. Nyuso za wachezaji mashuhuri zilipotoka hata zikawa kichekesho, na miili yao ilijikunja isivyo kawaida ya wanadamu. Mashabiki walighadhibika ulimwenguni kote, na hukumu walizoandika zikauweka mchezo huo miongoni mwa iliyoshutumiwa kuliko yote. Siku iliyofuata kampuni iliomba radhi, na toleo lililorekebishwa halikutoka mpaka Aprili 2022.

Je, mashabiki walikuwa na haki? Jibu la haraka ni "ndiyo", lakini jibu la haraka si uhakiki. Yatupasa kuyachambua malalamiko, maana yalichanganyika kama nafaka na makapi.

Lalamiko la kwanza lilihusu ufundi. Uso uliopotoka ni kosa la fundi, sawa na mlango usiofungika katika nyumba mpya. Anayelisema hilo hasemi kwa mazoea; hata mtu asiyewahi kuuona mchezo wa kale angeliona kosa. Lalamiko hili ni la haki kamili, na waliotengeneza walilikiri.

Lalamiko la pili lilihusu mazoea. Wengi walihuzunika kwamba jina la PES limekufa. Huzuni hiyo twaielewa, ila jina si mchezo. Mwaka 2023 jambo kama hilo liliufikia mchezo mpinzani: kampuni ya EA iliachana na Shirikisho la Kandanda Duniani, na mchezo ulioitwa FIFA tangu mwaka 1993 ukaitwa EA Sports FC. Jina lilibadilika, walakini aliyeshika pedi alikuta uwanja ule ule na vidole vyake vikifanya kazi ile ile. Anayesema mchezo umeharibika kwa sababu ya jina tu amehukumu kitabu kwa jalada.

Mazoea yaweza kutudanganya hata katika jambo kubwa kuliko jina. Mwaka 2001 kampuni ya Nintendo ilionyesha toleo jipya la The Legend of Zelda, likiwa limechorwa kama katuni za watoto. Mashabiki waliotarajia shujaa wa sura ya kiume walilikataa kabla hawajaligusa. Mchezo ule, The Wind Waker, ulitoka Japani mwishoni mwa mwaka 2002, na leo wengi wanauhesabu miongoni mwa bora za mfululizo wake. Hapa waliokosea ni mashabiki, nao walikosea kwa sababu walitoa hukumu kwa kitu ambacho hawakukijaribu.

Wala jambo hili si geni katika fasihi yetu. Mwaka 1954 Sheikh Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu cha sheria za kutunga mashairi, na wapenzi wengi wa ushairi wa Kiswahili walishika kwamba vina na mizani ndivyo roho ya shairi. Mwaka 1974 Euphrase Kezilahabi akatoa diwani ya Kichomi, ambamo aliviacha vina na mizani kwa makusudi. Mabishano yakawa makali na ya miaka mingi. Wapo waliosema kwamba tungo hizo si mashairi hata kidogo. Leo mwanafunzi wa sekondari husoma mashairi ya arudhi na mashairi huru katika darasa moja, wala moja halikuliua jingine. Waliotetea arudhi walikuwa na haki ya kuithamini. Walichokosa ni haki ya kulifunga lango.

Lalamiko la tatu ndilo zito kuliko yote, nalo lahusu watu walioachwa. Ili tulielewe, na tuutazame mto wetu. Wenyeji wa Ndera na Garsen wanajua kwamba Mto Tana huhama: hufurika, hukata njia mpya, na kuiacha ile ya kale ikiwa ziwa au kinamasi. Mkulima wa Kipokomo apandaye mpunga na migomba kandokando ya maji haulizi kama njia mpya yafanana na ya kale. Huuliza kama maji yatafika shambani kwake. Na yule ambaye shamba lake limeachwa pakavu ana haki ya kulia, hata kama mto wenyewe wapendeza macho.

Basi mtambo wa PlayStation 2 ulitolewa mwaka 2000, na Konami iliendelea kuutolea mchezo wake wa kandanda mpaka mwaka 2013. Kijana asiye na fedha aliweza kucheza kwa diski moja, bila kumlipa mtu wa mtandao hata senti. Mchezo mpya wasemwa kuwa ni bure. Lakini hupakuliwa kwa intaneti, na sehemu kubwa yake huchezwa kwa intaneti. Kwa mtu wa mjini aliye na mtandao wa nyumbani, hilo ni jambo dogo. Kwa kijana anunuaye bando kwa shilingi za kuhesabu, "bure" hiyo ina bei. Yeye hakatai jambo jipya. Njia mpya ya mto ndiyo iliyolikwepa shamba lake. Lalamiko la namna hii halikusikika sana, maana wanaolisema si wengi kati ya wanaoandika hukumu. Kwa sababu hiyo mhakiki hana budi kulisema kwa niaba yao.

Labaki swali moja: je, mashabiki wana haki ya kumwamuru mtunzi? Mwaka 2012 mchezo wa Mass Effect 3 ulimalizika kwa namna iliyowaudhi wachezaji wengi, wakadai mwisho mwingine. Baada ya miezi michache watungaji walitoa nyongeza ya bure iliyoueleza mwisho ule kwa mapana, bila kuufuta. Mimi naona walifanya vema. Msomaji ana haki ya kusema, "Sikuridhika," na kutoa sababu. Mtunzi ana haki ya kusikiliza na bado kuishika kalamu yake mwenyewe. Mashabiki wakiachiwa kalamu, kila toleo litakuwa nakala ya lililotangulia.

Basi, vijana, mtakapokutana na kazi iliyobadilishwa, iwe ni mchezo, wimbo, au riwaya, msikimbilie kusifu wala kushutumu. Ulizeni kwanza: je, kilichoharibika ni kazi, au ni mazoea yangu? Ulizeni tena: je, nimeijaribu, au nimeisikia tu? Na mwisho ulizeni swali ambalo wengi hulisahau: ni nani aliyekuwa akiifurahia kazi hii jana, na leo hawezi tena kuifikia? Atakayejibu matatu haya kwa uaminifu huenda asipendwe na kila shabiki, lakini neno lake litakuwa na uzito.