Ukitafuta Vina, Utaletewa Vyakula

Hebu mwambie mwanafunzi wa ushairi atafute neno "vina" mtandaoni. Usishangae akiletewa vyakula: vyakula vina protini, viazi vina wanga, vitumbua vina mafuta. Mashine itajuaje kwamba huyu alitaka wingi wa kina? Akirudi kwenye umoja, anazama kwenye kina cha maji, au anakutana na kina Juma. Mizani inampeleka barabarani, kwenye malori yanayopimwa uzito. Kituo, ambacho kwa washairi ni mshororo wa kufungia ubeti, kinamshusha kituo cha polisi. Na bahari je? Waarabu wana bahari zao za shairi tangu Al-Khalil bin Ahmad, karne ya 8, nasi tukalipokea neno hilo hilo, lakini Bahari ya Hindi imeshakalia kurasa zote.

Haya tunaweza kuyacheka, maana dawa ipo. Andika "vina na mizani" pamoja, ongeza "ushairi", mambo yananyooka.

Dhamira ndiyo inayonikera. Tafuta "dhamira katika riwaya" uone: majibu yanakuja safi kabisa, hakuna samaki wala askari. Kila ukurasa unajiamini. Sasa soma vizuri. Katika vitabu vya fasihi vya Tanzania, dhamira kwa kawaida ni yale mambo yanayozungumzwa katika kazi: rushwa, mapenzi, ukombozi. Maudhui ni jumla inayobeba dhamira hizo pamoja na ujumbe, migogoro na falsafa. Vuka Namanga uingie Kenya: dhamira inakuwa lengo la mwandishi, kile alichokusudia alipoandika, na ile rushwa na mapenzi ndiyo maudhui. Ukurasa wenyewe hausemi umetoka upande upi. Mtoto wa Arusha anayekariri notsi za Nairobi anajibu swali ambalo hakuulizwa, na msahihishaji wa mtihani hana habari na mipaka ya mtandao.

(Maudhui nalo limeshapata kazi nyingine. Tangu Tanzania ilipotoa Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni mwaka 2018, ukilitafuta unakutana na leseni na video kabla ya riwaya.)

Wahakiki nao tumo humo humo. Utasoma uhakiki aya ya kwanza inasema "dhamira ya mwandishi ni kutuonya", aya ya tatu "dhamira kuu ni ukoloni", na mwandishi wake wala hajashtuka. K. W. Wamitila alitoa Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia mwaka 2003, sioni kwa nini anayeandika leo ashindwe kuweka sentensi moja tu mwanzoni: hapa natumia dhamira kwa maana hii. Na anayepandisha notsi aseme amezitoa kitabu gani, cha nchi gani. Hapo hata mashine itakuwa na cha kushika.