Kanoni katika Sheria na Fasihi: Mila ya Wahaya na Utendi wa Mwana Kupona

Neno kanuni, lililoingia katika Kiswahili kupitia Kiarabu, na neno kanoni, linalotumika katika uhakiki kwa maana ya matini teule zenye mamlaka, yana asili moja ya Kigiriki. Udugu huo unadokeza hoja inayotetewa hapa: mamlaka ya matini hayatokani na matini pekee, bali pia na mkono ulioiandika, ulioipa jina na kuieneza.

Mila ya Wahaya iliandikwa na Hans Cory na Hartnoll, ikachapishwa mwaka 1945. Tamko la Serikali la 1963 liliziingiza mila za urithi katika sheria iliyoandikwa: mwanamke aliweza kuitumia ardhi ya ukoo maishani mwake, lakini si kuiuza. Katika kesi ya Ephrahim dhidi ya Pastory (1990), Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, aliamua kuwa katazo hilo linakiuka Katiba. Hata hivyo, mwaka 2006, katika shauri la wajane wawili, Mahakama Kuu ilikiri kuwapo kwa ubaguzi katika Tamko hilo, lakini ikakataa kulitengua. Kumbe kanoni huweza kushindwa kwa hoja na bado ikabaki.

Utendi wa Mwana Kupona (1858) una historia inayokaribiana na hiyo. Toleo la Alice Werner na William Hichens la 1934 liliupa jina la Kiingereza linalotaja wajibu wa mke. Matini yenyewe ni pana zaidi: radhi anazohitaji binti huanzia kwa Mungu na Mtume, hufuata za baba na mama, ndipo ya mume ikaja ya tano, tena sehemu ya mwisho ni dua ndefu ya mama mgonjwa. Ann Biersteker (1991) aliutazama upya utendi huo kwa kuuhusisha na mamlaka.

Tofauti iliyopo ni kwamba jaji hulazimika kutoa sababu, na sababu hizo hukatiwa rufaa; mhariri na mwandaa mitalaa halazimiki. Kuubakiza utendi huu katika kanoni si kosa. Kasoro ni kuubakiza pamoja na fasiri iliyorithiwa bila kuhojiwa. Kwa hiyo, uhakiki wa Kiswahili unapaswa kuidai fasihi kile ambacho sheria hudaiwa: sababu za uteuzi ziwekwe wazi, ili nazo zipate kupingwa.